Dohani ya nyumba ya mzee inabanduka matofali, fundi anataka kuipiga lipu. Nikubali?

kibena_kwetu
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri, hasa waashi na mliokulia kwenye nyumba zenye dohani, ule mnara wa kutolea moshi juu ya paa.

Nyumba ya marehemu mzee iko Njombe, ya matofali ya kuchoma, ilijengwa kabla sijazaliwa. Sebuleni kuna moto wa ukutani, na wa huku mnajua Juni na Julai bila moto hapakaliki. Wiki iliyopita usiku nikasikia kitu kimepiga bati, paa! Nikajua wahuni wanarusha mawe. Asubuhi napanda ngazi, nakuta ni uso wa tofali. Umebanduka mzima kama ganda la yai la kuchemsha, unene wa kidole. Tofali lenyewe limebaki na kidonda, ukiligusa linatoa unga mwekundu.

Baada ya hapo ndiyo nikafumbuka macho. Upande unaopigwa na mvua una chumvi nyeupe kama mtu kapaka majivu. Viungo vya matofali ukichomeka msumari unazama wenyewe. Kuna ufa wima, kutoka juu kabisa hadi tofali la tano. Na sebuleni, karibu na dari, kuna doa la rangi ya chai ambalo mama amekuwa akilifunika kwa kalenda miaka yote.

Fundi kaja, kaangalia kwa chini, kasema tuipige lipu nzito ya saruji kisha rangi ya mafuta. Laki sita na nusu, vifaa juu yangu. Nikubali?

mzee_wa_kausha
Ngoja waje wajuzi. Kwetu Mkuranga dohani tunaziona viwandani tu, baridi yetu ni ya feni.

binti_soni
Usikubali! Kwetu Lushoto tulifanya hivyohivyo. Dohani ilipendeza kama keki ya harusi. Masika ya kwanza ikaanza nyufa ndogondogo kama nywele, ya pili lipu ikaja chini bamba zima, imetoka na nyuso za matofali. Maji yaliingia kwenye nyufa yakakosa pa kutokea. Tulilipa mara mbili: kuiweka na kuibandua.

mwashi_mstaafu
Kijana, binti hapo juu kakuambia ukweli, ila ngoja nikueleze sababu, ili fundi akirudi uweze kubishana naye.

Dohani ni ukuta uliosimama peke yake juu ya paa. Kuta zako nyingine zimefunikwa, zina upande wa ndani. Yenyewe inalowa pande zote nne, inapigwa jua pande zote nne, na katikati inapitisha moshi wenye mvuke na asidi. Ndiyo maana inachakaa kabla ya nyumba.

Matofali ya zamani ni laini, na mara nyingi yalijengwa kwa chokaa, si saruji. Chokaa ni laini kuliko tofali na inapumua. Maji yakiingia yanatokea kwenye viungo. Mtu akija kuziba viungo hivyo kwa saruji kali, maji yanahamia kwenye tofali. Yanapokauka yanaacha chumvi nyuma ya uso wa tofali, chumvi inakua, uso unaruka. Hilo ndilo jiwe la wahuni wako. Ile nyeupe ya nje ni chumvi hiyohiyo iliyopata njia ya kutoka. Isugue kwa brashi kavu, usiioshe. Ikirudi baada ya mvua, ujue maji bado yanaingia.

Sasa nijibu haya:
Juu kabisa kuna kofia ya zege, au ni saruji imepakwapakwa tu?
Pale bati linapokutana na dohani, kuna bati la kukinga maji lililoingizwa ndani ya kiungo, au saruji tena?
Kuna mtu aliwahi kuziba viungo?
Ufa unaonekana na ndani?

niko_minnesota
Huku kwetu ugenini adui ni barafu. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, yakiwa ndani ya tofali wakati huo, kazi imeisha. Sijui kama sakitu (umande ulioganda) ya Njombe inafikia hapo.

mwashi_mstaafu
Sakitu ya asubuhi inayoyeyuka saa mbili haina nguvu hiyo. Asisingizie baridi, ashughulike na maji.

bk_mjini
Huo ufa wima usiuchukulie poa. Tetemeko la Septemba 10, 2016 hapa Bukoba lilitufunza kwamba kitu chembamba kirefu kilichosimama juu ya paa ndicho cha kwanza kukuangukia. Simama mbali kidogo, ning'iniza kamba yenye jiwe mbele ya jicho, ulinganishe na ukingo wa dohani. Kama imeinama, usiweke ngazi hapo, na watoto wasicheze chini yake.

kibena_kwetu
Shukrani sana. Mzee wangu mwashi, nimepanda tena na majibu ni haya. Juu ni saruji imepakwa, imepasuka vipande vinne, kimoja nimekitoa kwa mkono. Kwenye bati ni saruji tupu, aliiweka fundi bati tulipobadilisha paa 2015. Viungo vya chini kidogo ni vya kijivu na vigumu, kwa hiyo kuna mtu alipita. Kamba inaonyesha imesimama sawa.

Ufa kwa ndani sijui nitauonaje.

mwashi_mstaafu
Washa moto mdogo, weka majani mabichi ili utoe moshi mwingi, mwingine aingie darini na tochi. Akiona moshi popote, moto usiwashwe tena mpaka itengenezwe. Cheche zinapita palepale moshi unapopita, na kenchi za miti mikavu hazihitaji kubembelezwa.

Kwa maji, tumia mpira. Anza chini, kwenye maungio ya bati tu, robo saa, mtu akiwa darini. Kisha panda kwenye matofali. Mwisho juu kabisa. Ukianza juu maji yatatiririka kote, hutajua yameingilia wapi.

Halafu, dishi la TV limefungwa wapi?

kibena_kwetu
Dah. Kwenye dohani, mkuu. Umejuaje?

mwashi_mstaafu
Ufa wima unaoanzia juu, na dohani haijainama. Upepo unalitikisa dishi mchana na usiku, boliti zinachokonoa tofali. Litoe kwanza kabla ya yote.

Mpangilio wa kazi ni huu. Tengeneza jukwaa la miti, msifanyie kazi hii juu ya ngazi. Vunja ile saruji ya juu, suka kofia ya zege yenye nondo nyembamba, iwe na mteremko, itokeze nje ya ukuta sentimita 5 kila upande, na chini ya ukingo weka kijifereji ili tone lidondoke lisirudi ukutani. Zege lisishikane na bomba la ndani, acha nafasi ndogo, maana bomba linatanuka kwa joto.

Viungo vilivyooza vikwanguliwe sentimita 2 hadi 2.5 kwa tindo na nyundo, si kwa grainda, itakata matofali. Jaza kwa chokaa kimoja, mchanga vitatu. Chokaa iloweke usiku kucha. Lowesha ukuta kabla, na ukimaliza ufunike kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa. Ile saruji ya kijivu itoe kama inatoka bila kuvunja matofali, ikigoma, iache. Tofali lililobanduka litolewe, liwekwe lingine la zamani la aina hiyohiyo. Usiligeuze ukafikiri umepona.

Kwenye bati, ondoa saruji yote. Bati linacheza na jua, saruji haichezi, lazima vitengane. Fundi bati akunje vipande vya bati vyenye umbo la ngazi, ncha ya juu iingie ndani ya kiungo. Na rangi ya mafuta mwachie mlango.

binti_soni
Nyongeza: angalia na mimea. Kwetu ndege alipanda mti kwenye kiungo, tulipouona ulikuwa na mizizi mpaka tofali la saba.

kibena_kwetu
Mrejesho. Dishi limetoka, chini ya boliti tofali ni unga mtupu. Maji yanaingilia kwenye bati na juu, katikati ni kidogo. Moshi umeonekana darini, kwa hiyo moto tumeuzima. Nimempata fundi mwingine anayejua chokaa, tunaanza Septemba ili mvua za Novemba zikute imekauka. Kwa sasa mama anaota jiko la mkaa chumbani.

mwashi_mstaafu
Hapana! Jiko la mkaa lisikae chumbani, milango imefungwa, mtu amelala. Hewa yake inaua bila harufu. Mpigie sasa hivi.

kibena_kwetu
Nimempigia, kalitoa barazani. Sasa ananilaumu kwa yote mawili: baridi, na taarifa ya habari ya saa mbili, maana dishi bado liko chini ya mparachichi.