Masaa saba Doha na watoto wawili, naomba ushauri

Asalaam aleikum jamaa. Mwezi ujao inshallah natoka Lamu na wanangu, mmoja miaka 4, mwengine miezi 18, kumfuata baba yao Uingereza. Mashua mpaka Manda, ndege mpaka Nairobi, hayo nayaweza. Kinachonitisha ni masaa saba ya kungoja ndege nyengine uwanja wa Doha, Qatar, usiku. Nasikia pana sanamu ya dubu mkubwa wa manjano na sehemu za watoto kuchezea. Mkubwa atafurahi, lakini huyu mdogo ukigeuka tu hayupo! Na chakula je? Nitafunga mahamri, vileja na ndizi. Uji wa mdogo utapita ukaguzi, maana vya majimaji mwisho ni mililita 100? Kigari chake nitapewa Doha au kinakwenda na mizigo? Mliopita na watoto, niambieni.