Wachukuzi wawili wa mzigo, Wete hadi Mkoani: yupi rahisi?

Mpika Halua

Asalaam alaykum jamani. Nisaidieni hesabu, mie skuli niliiachia kidato cha pili, na hata huko kipindi cha hesabu nilikuwa nakikimbia.

Napika halua hapa Wete, nampelekea mdogo wangu Unguja auze. Mzigo unakwenda kwa gari hadi Mkoani, ndo upande boti. Nina vijana wawili wa gari, niwaite A na B, nisije nikawatia watu midomoni. Kila nikiwauliza kilo moja shilingi ngapi, jawabu ni moja: "Lete mzigo bibie, hatushindwani." Basi nikaanza kuandika. Daftari limelowa samli lakini linasomeka:

A: kilo 10, nililipa 9,000. Kilo 25, 15,000. Kilo 40, 21,000.
B: kilo 8, nililipa 7,200. Kilo 14, 12,100. Kilo 20, 15,000. Kilo 30, 21,500.

Nikigawa pesa kwa kilo, A anatoka 900, mara 600, mara 525. B naye hatulii. Natafuta uzito mmoja niliompa kila mmoja wao nilinganishe, haupo. Nimpe nani?

Kijana wa Chake

Hao wanaangalia sura tu, mama. Siku ukivaa baibui jipya unalipa zaidi.

Mwalimu Mstaafu

Kijana, tarakimu za Bi Mpika Halua zina mpango mzuri kuliko unavyodhani. Kosa ni kule kugawa. Ukigawa pesa zote kwa kilo, unachukulia kwamba mzigo wa kilo sifuri unalipiwa sifuri. Gari haiendi hivyo. Dereva ana pesa yake ya kuwasha gari, hata ukimpa bahasha, halafu ndo anaongeza ya kila kilo.

Kwa hiyo usigawe, toa. Kwa A, toka kilo 10 hadi 25 zimezidi kilo 15, na pesa imezidi 6,000. Ile pesa ya kuwashia gari imo katika malipo yote mawili, ukitoa inajifuta yenyewe. 6,000 kwa 15 ni 400 kwa kilo. Rudi sasa kwenye kilo 10: hizo ni 4,000, nawe ulilipa 9,000, basi 5,000 ni ya kuwashia gari. Jaribu kwa kilo 40: 16,000 na 5,000, jumla 21,000. Imekaa!

Kwa B fanya vivyo hivyo na kilo 8 na 20. Kilo 12 zimeongeza 7,800, yaani 650 kwa kilo, na ya kuwashia gari inabaki 2,000. Kilo 30 zinakubali: 19,500 na 2,000.

Ukiita kilo x na malipo y, unazo:
A: y = 400x + 5,000
B: y = 650x + 2,000

Unatafuta x ambayo y zao ni sawa. 650x + 2,000 = 400x + 5,000, basi 250x = 3,000, na x ni 12. Hapo wote wawili watakutoza 9,800. Ukipenda bila ya herufi: B anaanza chini kwa 3,000, lakini kila kilo anakuzidishia 250, na 3,000 huliwa na kilo 12. Chini ya kilo 12 mpe B, juu yake mpe A. Hiyo 12 usingeiona daftarini hata ukeshe, maana hujawahi kupeleka kilo 12. Jedwali linakupa nukta chache tu, mistari ndiyo inayokutana.

Ila ile kilo 14 ya B imenikera. Kwa hesabu yake ni 11,100, wewe umeandika 12,100. Nukta tatu zimekaa kwenye mstari mmoja, hiyo peke yake imeruka juu kwa elfu moja kamili. Umekosea kuandika, au siku hiyo palikuwa na hamali?

Fundi Magari

Mwalimu kasema kweli, mie naongeza dogo. Angalia na tarehe, bi mkubwa. Petroli ikipanda na nauli inapanda, na hapo risiti za kabla na za baada hazipo tena kwenye mstari mmoja. Usizichanganye, kila bei na jedwali lake.

Mpika Halua

Mwalimu, Mungu akuweke. Zote ni za mwezi huu, fundi, petroli haijapanda. Leo nina vikapu vya kilo 17. Nimefanya mwenyewe kwa kalamu: A 11,800, B 13,050. Nimempa A, kaniambia 11,800 kabla sijafungua mdomo, nikacheka mpaka akauliza kulikoni.

Hiyo kilo 14 sikuipeleka mie, alikwenda mwanangu. Alirudi akasema gari ni 12,100, nami nikaandika kama nilivyoambiwa. Nimemwita sasa hivi nikamwonesha mstari wa mwalimu. Kwanza alisema hesabu za mtandaoni si za kuaminiwa. Halafu akasema alikula urojo.