Tupeane uzoefu: Simu inayosema mbele za watu

Habari za jioni wakuu. Mimi sioni, natumia simu ya tachi yenye TalkBack. Uzi huu ni wetu tusioona na wenye uoni hafifu: ukitoka nyumbani, simu inakusumbua wapi? Wanaoona mnakaribishwa, ila pole zenu wekeni kiporo kwanza.

Naanza mimi. Kero yangu kubwa ni siri. Kwa wasiojua, TalkBack husoma ninachogusa. Natelezesha kidole kulia inataja kinachofuata, nikigonga mara mbili kinafunguka. Sasa niko kwenye daladala, meseji ya mkopo imeingia, nikiifungua siti nzima ya nyuma inajua nadaiwa. Nikiziba masikio yote kwa hedifoni, simsikii konda akitaja kituo. Kwa hiyo sikio moja la simu, jingine la konda. Nikishuka navua kabisa, maana bodaboda hupita hata palipo pa waenda kwa miguu, na fimbo nyeupe haimgundui mpaka ameshafika.

Mdau wa Mbagala:
Wewe unalia na daladala, mimi na wakala. Zile menyu za nyota na reli zina muda wake. Simu inasoma "moja, tuma pesa, mbili, toa pesa", inashuka mpaka ninapopataka, nitafute kisanduku cha kuandikia, niandike, nitafute batani ya kutuma... imeshakatika. Naanza upya, foleni inaguna. Wakala naye, kwa sauti: "Lete nikusaidie, namba ya siri ngapi?" Mbele ya watu wote hao! Siku hizi nimekariri mpangilio wa menyu, sisubiri isome yote. Na siondoki pale mpaka meseji iingie niisikilize mwenyewe, salio na kila kitu.

Dada wa Mombasa:
Mimi nilianza na mulika mwizi. Ile tano ilikuwa na kipele, ukikipapasa wajua namba zote ziko wapi. Kupiga simu hakukunishinda, lakini meseji zote alinisomea mpwa wangu, na mambo yangu yote akayajua. Kwa hilo sirudi nyuma. Shida yangu sasa ni chama chetu: tangazo la mkutano latumwa kama picha. Simu yasema "picha", basi. Nikimwomba mweka hazina aandike japo tarehe, anijibu kwa kikatuni, nami nasomewa "uso unaocheka kwa machozi".

Mwanzisha mada:
Dada umeniua mbavu! Hebu jaribu programu ya simu iitwayo Be My Eyes, ukiitumia picha hiyo inakuelezea kilichomo. Pia inakuunganisha kwa video na mtu anayejitolea kukuangalizia. Kwa barua ya benki lakini, mimi huyo wa video simwonyeshi. Simjui.

Mwalimu, Tabora:
Mafundi nao! Nilipeleka simu ibadilishwe kioo, kijana akaona "ina ugonjwa wa kuongea", akauzima. Nikarudishiwa kimya. Kumbukeni ile njia ya mkato, ukiwa umeiwasha: bonyeza batani zote mbili za sauti kwa pamoja, shikilia kama sekunde tatu, sauti inarudi. Na mwenye kero ya siri, kwenye menyu ya TalkBack kuna sehemu ya kuficha skrini. Kioo kinakuwa cheusi, wewe unaendelea kusikia na kutumia. Jirani anayechungulia haambulii kitu, sanasana atakuuliza kwa nini unapapasa simu iliyozima.

Wakala, Mwanza:
Mimi naona, nimesoma kimya kimya. Mteja asiyeona akija nifanyeje?

Mwanzisha mada:
Asante kwa kuuliza. Simu ibaki mkononi mwake. Ukimhesabia pesa, taja noti moja moja. Namba ya siri usiiulize kabisa.

Wakala, Mwanza:
Na akiitaja mwenyewe na simu akanipa?

Mdau wa Mbagala:
Mrudishie. Mpe kiti, wahudumie wa nyuma yake, kisha aanze upya bila kusukumwa. Wengi tunaitaja kwa sababu ya foleni. Halafu mwambie akaibadilishe leo leo, maana waliokuwa karibu wameshaisikia.