Kwa nini tunapinga nyumba mpya mtaani? Tuambiane ukweli, watu wa Tabora

Ndugu zangu, mkutano wa mtaa wetu hapa Isevya umeniacha na uzito moyoni. Jirani anataka kubomoa nyumba ya urithi ya vyumba sita, ajenge ya ghorofa yenye vyumba kumi na sita vya kupanga. Karibu wote tulikataa. Mzee mmoja akasema, "Mkimruhusu huyu, mtaa umekwisha."

Siwabezi. Mtaani kwetu kila nyumba ina karo lake la majitaka. Watu wakizidi kwenye kiwanja kilekile karo linajaa upesi, na mvua zikianza Novemba uchafu unaingia uani kwa mwenzako. Mchumi wa Marekani, William Fischel, aliandika mwaka 2001 kwamba mwenye nyumba ana hofu kwa sababu mali yake karibu yote iko kwenye hiyo nyumba, na hakuna bima ya kumfidia mtaa ukishuka thamani. Niliposoma hayo niliwaona wastaafu wetu, ambao kiinua mgongo chote kiliishia kwenye tofali na bati.

Ila kuna jambo ambalo hakuna aliyelitamka. Wengi tuliopinga tunapangisha, nami nina vyumba viwili uani. Vikija kumi na sita vyenye choo ndani, kodi zetu zitashuka. Hatutakuwa tena na ubavu wa kumwambia mtu alete ya miezi sita au akatafute kwingine. Hapo hatuzungumzii karo tena, tunazungumzia mfuko.

Na wapangaji wenyewe hawakuwepo mkutanoni. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 226,999 katika Manispaa ya Tabora. Ya 2022 ikavuka 300,000. Wanalala wapi? Mwanafunzi wa Chuo cha Ardhi, binti anayeuza dukani huko sokoni, wote wanasogezwa pembezoni, na nauli ya bodaboda inakula kile walichookoa kwenye kodi.

Mimi nimebadili msimamo. Ajenge, lakini karo kubwa na mfereji vikamilike kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia, na ramani tuione wote. Kikao kingine ni Jumamosi na nitasema hivyo mbele ya mwenyekiti.

Wewe unayepinga, nijibu hili: majitaka yakishughulikiwa, unabaki na sababu gani?