Mrejesho: Namna ya kuhifadhi miadi ya kliniki

Ndugu zangu, niliuliza nihifadhi vipi miadi ya kliniki moja ya meno hapa Chake Chake, kwa kuwa programu niliyoiandika ilikuwa ikipitia orodha nzima kila anapoingizwa mgonjwa mpya, na mara mbili wagonjwa wawili walipewa kiti kimoja kwa wakati mmoja. Mlinishauri niachane na wazo la mti wa vipindi (muundo wa data unaopanga vipindi vya muda kwa matawi), nitumie kamusi, yaani muundo wa data ambao ukiupa ufunguo hukupa kilichohifadhiwa chini yake; ufunguo hapa ni daktari pamoja na tarehe, na ndani yake mna orodha ya miadi iliyopangwa kwa wakati wa kuanza.

Nimefanya hivyo, nami nawashukuru sana. Daktari mmoja hazidishi wagonjwa 20 kwa siku, hivyo kutafuta nafasi kwa kugawa nusu kwa nusu hakupindukii hatua 5, kisha miadi mpya hulinganishwa na jirani zake wawili tu, aliyetangulia na anayefuata.

Kugongana kwenyewe, hata hivyo, kulikuwa na chanzo kingine. Karani mmoja aliandika 2:30 kwa saa zetu, mwenzake akaandika 8:30 kwa wakati uleule wa asubuhi, na programu ikaona miadi miwili iliyopishana kwa saa 6. Sasa karani huchagua "saa mbili na nusu asubuhi" kwenye skrini, na kinachohifadhiwa ni dakika tangu usiku wa manane, yaani 510. Dakika ya kumalizia siihesabu kuwa ndani ya miadi, ili anayeanza saa tatu asizuiwe na anayemaliza saa tatu.