Vichaka vya maua chini ya mwembe: iksora, gadenia, muraya au asumini?

BintiKigamboni
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla masika hayajaanza. Upande wa mashariki wa nyumba nina kijisehemu cha mita sita hivi, kati ya ukuta na mwembe mkubwa. Jua linaingia saa mbili asubuhi, ikifika saa tano mwembe umeshafunika pote. Baada ya hapo ni mwanga unaochujwa na majani. Udongo ni mchanga wenye vipande vya matumbawe. Bogonvilia niliyopanda hapo mwaka juzi imerefuka kama kamba kwa kutafuta jua, ua hata moja sijaliona.

Nataka vichaka vyenye majani mwaka mzima na vinavyochanua. Muuza miche amenitajia vinne: iksora, gadenia, muraya na asumini. Anayekaa hapo kila jioni ni mama yangu, kwenye mkeka wake, na macho siku hizi hayamsaidii sana. Kwa hiyo harufu naijali kuliko rangi.

Mpogoaji
Dada, iksora itoe kabisa. Kivuli nusu inakivumilia, ingawa maua hupungua, lakini chokaa haiitaki. Una ukuta wa saruji ubavuni na matumbawe chini: majani machanga yatageuka njano huku mishipa imebaki kijani, kwa sababu udongo wa chokaa unaunyima mmea madini ya chuma. Nilihangaika na safu nzima ya namna hiyo miaka miwili, mbolea hii na ile, mwisho nikaing'oa. Na hizo nyekundu zinazouzwa kila kitalu hazina harufu ya kumfaa mama.

Gadenia ni ukoo uleule mmoja na iksora, na mbuni pia, na chokaa inaichukia vilevile. Ukiipenda, ipande kwenye chungu kikubwa chenye mboji nyingi, umwagilie bila kurukaruka siku. Ikikauka kidogo tu inadondosha vitumba vyote.

Kitalu_Tengeru
Huku kwetu kwenye baridi ningekwambia brunfelsia bila kufikiri: ua linafunguka zambarau, kesho yake limepauka, keshokutwa jeupe, yote matatu kwenye kichaka kimoja. Kwa joto la Kigamboni sikushauri. Na kwenye nyumba yenye mbwa mbegu zake ni hatari, ni sumu.

Kwa hapo kwako naona muraya. Maua meupe yananukia kama ya mchungwa, majani mazito yanayong'aa, inakubali mkasi, kivuli nusu haikisumbui. Ila adui yako mkubwa ni mizizi ya mwembe, zaidi ya hicho kivuli. Usikate ile minene. Tafuta nafasi kati yake, jaza mboji na samadi iliyooza vizuri, weka matandazo, na mwaka wa kwanza mwagilia kwa kuhesabu kwamba nusu ya maji ni ya mwembe.

Mchungwa_Muheza
Muraya ni jamaa wa michungwa, na kale kadudu kanakobeba ugonjwa wa michungwa kanaipenda sana. Ugonjwa ule nimeuona kwa macho: majani madoamadoa ya njano, matunda madogo yaliyopinda, machungu, yamebaki kijani upande mmoja. Dawa ya kuponya mti hakuna. Je, wewe au jirani mna mndimu au mlimau? Kama upo, muraya iache.

BiShangani
Mwanangu, asumini usiiache. Lakini chini ya mwembe hasa utavuna majani matupu. Ipe ile ncha inayopata jua lote la asubuhi. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, basi kila mkupuo ukiisha punguza matawi. Vitumba tunachuma alasiri vingali vimefumba, tunavitunga vikuba, vile vishada vya maua vya kujipamba. Magharibi ikiingia vinapasuka, na harufu inajaa nyumba. Mama hatahitaji kuambiwa kwamba vimefunguka.

Mjukuu_MjiWaKale
Mbona hakuna aliyeutaja mkilua? Huo ni wetu, wa mwambao wa Kenya na Tanzania, na kwao ni chini ya miti mirefu ya misitu ya pwani, kwa hivyo kivuli umekizoea. Ulipoandikwa rasmi na wataalamu wa mimea mwaka 1970, jina la kisayansi lilikuwa hilihili letu, Mkilua. Kwa kulitazama, ua lenyewe halivutii: rangi kati ya kijani na njano, limejificha kwenye majani. Lakini nyanya yangu alikuwa akitia moja tu kwenye upindo wa leso, na akishatoka chumbani unajua alikuwamo.

BintiKigamboni
Asanteni sana nyote. Jana nilimsomea mama majibu. Kwenye iksora na gadenia alikuwa akiitikia tu. Nilipofika kwa mkilua akanikatiza: "Kilua? Muulize kama ni kile cha Pangani." Kisha akawa ananionyesha kwa vidole jinsi walivyokuwa wakikikunja pembeni ya kanga wakienda harusini. Mie sijawahi kukiona.

Mndimu tunao, kwenye pipa nyuma ya jiko, kwa hiyo muraya imetoka. Asumini mbili nimeshanunua kwa ajili ya ile ncha yenye jua, na gadenia moja ya kwenye chungu. Chini ya mwembe nataka mkilua. Vitalu vitatu nimezunguka leo, wanaujua kwa jina tu. Nani anajua pa kuupata?

Mchungwa_Muheza
Ninao mmoja kwenye kiriba, umeota wenyewe chini ya mama yake. Una majani saba. Nitampa mtu wa basi Ijumaa, aufunge kwenye gunia bichi. Ukifika usiupande siku hiyohiyo. Uweke kivulini kwanza, karibu na mkeka wa mama.