Mrejesho: onyo la ioctl ya SCSI iliyopitwa na wakati

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini logi ya seva yetu ya Linux inajaa mstari uleule, kwamba kuna programu inatumia ioctl (ombi la programu kwa keneli, yaani kiini cha Linux, kuhusu kifaa) ya SCSI (mfumo wa amri za diski) iliyopitwa na wakati, ihamishiwe SG_IO, ioctl inayopaswa kutumika badala yake. Nilihofia diski inakufa.

Diski ni nzima. Onyo hutolewa na keneli na linailenga programu. Aliyenishauri nianze na jina lililomo kwenye mstari wenyewe, Mungu akubariki sana. Jina halikufanana na faili lolote kwa sababu keneli hutunza herufi 15 tu za jina la mchakato, zinazozidi hukatwa. Nikatafuta kwenye cron (ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe) kwa mwanzo wa jina, nikaipata: programu ndogo ya kukagua diski, iliandikwa hapahapa kazini zamani, na msimbo wake bado upo.

Ilikuwa inaita SCSI_IOCTL_SEND_COMMAND, ndiyo hiyo ioctl iliyopitwa na wakati. Kwa njia hiyo huwezi kupanga muda wa kusubiri, na diski ikikataa amri, maelezo ya kosa yanarudishwa kwenye bafa (sehemu ya kumbukumbu ya kupokelea) ileile ya data. SG_IO ina muundo wa sg_io_hdr: unataja mwelekeo wa data, muda kwa milisekunde (nimeweka 20000), na maelezo ya kosa yana bafa yake.

Logi sasa imetulia. Waliosema nilichuje tu onyo kwenye rsyslog (programu inayoandika logi), hapo sikubaliani nao kabisa. Mstari ule ndio ulionionyesha programu ya kurekebisha. Bado seva ya pili, nayo ina programu hiyohiyo.